Ajali Waliyoihamishia Nyumbani Kwangu

Nadège mwanangu,

Umeenda Kamalondo kumuaga marraine wako, mama yako wa ubatizo, na ninajua hatakuachilia upesi. Atakulisha, atakuombea, kisha atakulisha tena. Sanduku lako limefungwa, liko karibu na mlango, na mimi nimeketi kando yake na karatasi juu ya magoti.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya kufunga mlango wa nyumba ya kupanga, wala ya vijana wa Kolwezi huko unakokwenda kufanya kazi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua bila mimi. Ninatumia Kiswahili kile masista walichotufundisha shuleni, kwa sababu Kifaransa ni chako, na kwa sababu maneno haya nikiyasema kwa kinywa nitalia, utanibembeleza, na yataishia hapo.

Ni ile picha. Ulipotoka kuonyeshwa mahali pa kazi ulinipa simu nione: wewe mbele ya lango la kampuni, kofia ya plastiki kichwani, unacheka. Nyuma yako kibao kikubwa cheupe, kinahesabu siku ambazo kazi imekwenda bila ajali. Hesabu ilikuwa kubwa sana. Ukaniambia, "Ona, mama, kwetu hakuna ajali." Nikakujibu kwamba kofia inakupendeza. Kisha nikaenda kuchochea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri.

Kiwanda cha sabuni nilikofanyia kazi kilikuwa na kibao kama hicho. Siku mkono wangu ulipoingia katika mashine hakuna aliyekigusa. Kesho yake mlinzi alipanda ngazi yake kama kila asubuhi, akaongeza siku moja.

Mkono huu wa kushoto unaujua kuliko mtu yeyote. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unahesabu vidole vyake, unafika tatu, unaanza tena, kama mtu anayefikiri amekosea. Nilikuambia ni mashine ya kiwanda iliyonikata, na ni kweli. Lakini sikukuambia namna ajali ile ilivyotolewa kiwandani ikaletwa hapa nyumbani. Nilikuona unasoma, nikasema moyoni kwamba wewe utakuwa mbali na mambo hayo. Sasa wamekupa kazi katika bureau ya personnel, ofisi ya mambo ya wafanyakazi. Ni meza ile ile, Nadège. Kwa hiyo lazima ujue.

Mashine yetu ilikuwa na chuma kirefu kinachozunguka ndani ya bomba, kama parafujo kubwa. Wewe unatia vipande vya sabuni juu, chuma kinavisukuma, vinatoka upande wa pili vikiwa mche mmoja. Mdomoni mwake palikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia mikono isiingie. Fundi aliuondoa kwa sababu sabuni ilinata juu yake na kazi ikachelewa. Wavu ule uliegemezwa ukutani, kila mtu akiuona, mimi pia. Na gants, zile glavu za kazi walizotupatia, zilikuwa za wanaume. Ile ya kushoto ilikuwa inateleza, nikaivua.

Sikusikia uchungu kwanza. Nilisikia kuvutwa, kama vile mtoto anavyokuvuta mkono umfuate. Kisha nikamsikia mwenzangu Feza analia, na mashine ikanyamaza. Ni yeye aliyepiga kile kifungo cha kuizima.

Kapita, ndiye msimamizi wetu, alikuja mbio. Akaufunga mkono wangu kwa kitenge changu mwenyewe. Lakini kabla hatujafika mlangoni akasimama, akaniambia kwa sauti ya chini, bila ukali wowote:

"Mama, vua kwanza blouse ya kazi."

Nilifikiri hataki ichafuke damu. Feza akanisaidia kuivua, taratibu, kwenye ule mkono. Hawakunipeleka hospitali ile wafanyakazi wote walikokuwa wanatibiwa. Walinipeleka kliniki ndogo nyuma ya soko hapa mtaani kwetu Kenya, katika gari ya kapita mwenyewe. Muuguzi alipouliza nimeumia namna gani, kapita ndiye aliyejibu. Nilisikia neno moulin, yaani mashine ya kusaga. Nikafikiri anaeleza mashine yetu.

Siku zilizofuata hakuna mtu wa kazini aliyekuja. Papa yako ndiye alikuwa anakaa nami. Kazi yake ya reli ilikuwa imelala, na wewe ulikuwa unanyonya bado. Alikuleta mgongoni, amekufunga vibaya, kichwa chako kinaning'inia upande, na wanawake wa kliniki wakacheka. Mimi pia nilicheka. Ni siku hiyo hiyo, alipokwisha kuondoka nawe, Madame Béatrice alikuja.

Alikuwa wa bureau ya personnel. Kijana bado, labda amekuzidi kidogo tu ulivyo leo, nguo safi, viatu vya heshima. Aliniletea mkate na jus. Hakusimama miguuni pa kitanda kama wakubwa wanavyofanya. Aliketi juu ya kitanda, akaushika mkono wangu mzima, akalia. Nataka ujue kwamba alilia kweli. Nimefikiri juu ya machozi yale miaka mingi, na sijawahi kuyaona kuwa ya uongo.

Kisha akaniuliza:

"Mama, mukono iliumia wapi?"

Nikamjibu ni ku mashine. Akainamisha kichwa kidogo.

"Hapa ku clinique baliandika ya kama ni ku moulin ya bunga, kule kwenu ku quartier."

Nikamwambia wamekosea, sikuumia kwenye mashine ya unga mtaani. Hakubisha. Aliendelea kunipapasa mkono na kunieleza, polepole, kama dada. Kwamba nikisema ni mashine, inspekta wa kazi atakuja na kuifunga, na Feza na wenzangu wote watarudi nyumbani mikono mitupu. Kwamba watauliza ni nani aliyevua gant. Kwamba mtu aliyejiumiza kwa uzembe wake hana haki ya kitu, na anaweza kufukuzwa. Lakini nikikubali lile neno la moulin, kampuni, kwa huruma yake tu, italipa kliniki na kunirudisha katika kazi nyepesi.

Nilifikiria gant. Ndicho kilichonimaliza. Sikufikiria wavu uliokuwa ukutani. Nilifikiria gant niliyovua mwenyewe, na aibu ikanijaa mpaka shingoni. Mkono wangu wa kuume ulikuwa mzima, Nadège. Ndio uliotia sahihi.

Kazi nyepesi walinipa, ni kweli. Nilifagia ghala. Bandeji ilipotoka waliniita, wakaniambia kontra yangu, ule mkataba wa kazi, imefika mwisho. Kapita alitazama pembeni. Madame Béatrice siku ile hakuonekana.

Papa yako akasema twende kwenye Caisse, ule mfuko ambao kila mwajiri analazimika kuulipia kwa ajili ya wafanyakazi wake. Tulikwenda kwa miguu. Mzee mmoja kwenye dirisha alitafuta jina langu kwa uvumilivu mkubwa, akarudi akatuambia kwamba kiwanda hakikutangaza ajali yoyote. Akaniuliza kama niko na mtu aliyeniona naumia. Nikamtaja Feza.

Jioni nilikwenda kwake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilipomweleza akasema, kama mdogo anayesema na dada yake mkubwa:

"Yaya, miye niko na batoto."

Tulikaa pamoja tukazungumza habari ya mvua. Sikumchukia. Ningekuwa katika nafasi yake, nawe mgongoni, sijui ningesema nini. Lakini niliporudi nyumbani nilikuwa mtu aliyejiumiza kwa moulin ya jirani. Jirani mwenye moulin naye akasikia, akaja kuuliza kwa nini ninamchafulia jina. Kuanzia siku hiyo nilikuwa ninajibu kila anayeuliza kwa maneno mawili tofauti, kufuatana na sura yake. Unajua uchovu wa namna hiyo? Hata katika kuungama kwa padri nilikuwa ninasita.

Sasa nikuambie siku niliyojua kwamba nilidanganywa juu ya gant. Ni wewe uliyeniambia. Ulikuwa unajitayarisha kwa mtihani wa chuo kikuu huko Kasapa, unasoma kwa sauti hapa sebuleni, nami ninachagua maharagwe. Ulikuwa unasoma Kifaransa, kisha unajieleza kwa Kiswahili ili ikuingie. Ukasema kwamba ajali ya kazi ni ile inayompata mtu kazini ao kwa sababu ya kazi, hata kama yeye mwenyewe amekosa uangalifu. Ukasema hata njiani, anapotoka nyumbani kwenda kazini na anaporudi. Ukasema mwajiri ndiye wa kutangaza, na muda wake ni mfupi, siku chache tu. Na akikataa, aliyeumia ao jamaa yake wanaweza kwenda kutangaza wenyewe, lakini mlango huo nao kuna siku unafungwa.

Ukarudia lile la kwanza mara nyingi, maana halikutaka kukukaa kichwani. Hata kama amekosa uangalifu. Hata kama amekosa uangalifu. Nilisimama nikatoka nje. Ulinikuta nyuma ya nyumba, ukaniuliza kama ninaumwa, nikakujibu ni moshi. Mbabula yetu ya makaa ilikuwa haijawashwa siku ile. Hukuona.

Ungefikiri maneno yangu yanaishia hapo, kwa mkono uliopotea bure. Hayo peke yake yasingenifanya nikuandikie. Ninaogopa sehemu inayofuata.

Wewe ulikuwa umeanza shule ya msingi wakati kijana mmoja alipokufa katika kiwanda kile. Alikuwa wa kibarua, wale wanaochukuliwa asubuhi langoni bila kontra. Mashine ile ile. Waliuvalisha mwili nguo za nyumbani, wakampeleka kliniki, wakasema amegongwa na gari barabarani. Lakini mama yake alimwosha yeye mwenyewe, na alipomwosha akakuta sabuni ndani ya nywele zake na ndani ya masikio, imekauka. Familia haikuzika. Waliliweka jeneza mbele ya lango, chini ya kibao, mtaa mzima ukakaa pale mpaka inspekta akaja.

Hapo wakubwa wa kiwanda wakashangaa kuliko watu wote. Walisema hawakujua neno. Walisema kuna mtu waliyemwamini ili atangaze ajali, naye hakutangaza hata moja, miaka yote ile. Wakafungua kabati na kuonyesha. Kila mahali palipoandikwa moulin, ao barabara, ao ulevi, ao ngazi ya nyumbani, chini yake palikuwa na jina moja. Madame Béatrice alichukuliwa na polisi mbele ya watu, bila hata kuruhusiwa kuchukua kikapu chake.

Nilifurahi, mwanangu. Sitakuficha. Nilipika nyama siku hiyo.

Miaka ilipita. Papa yako alikuwa amekwisha kufa, na mtihani wako ule wa Kasapa ulikuwa umepita. Nilikuwa Kamalondo kutafuta shati lako la kuvaa chuoni kati ya nguo za mitumba, na mwanamke aliyekuwa anauza akautazama mkono wangu kabla ya kunitazama uso. Alikuwa amezeeka vibaya. Nisingemtambua kama si kwa namna alivyoinamisha kichwa, kama siku ile juu ya kitanda changu.

Akatoa ndoo, akaipindua, akaniambia niketi. Niliketi. Hatukusalimiana kama watu wanaojuana. Alianza tu kusema, kama vile alikuwa ameishia katikati ya maneno. Alisema alipoingia kazini, mtu aliyemtangulia katika meza ile alikuwa ameondoka ghafula na hakuna aliyetaka kumtaja. Alisema mara ya kwanza walimtuma hospitali kwa neno dogo sana, mfanyakazi aliyeteguka mguu. Shefu, mkubwa wake wa kazi, alimwambia aende kumfariji tu, na arudi na karatasi. Mara ya pili lilikuwa neno kubwa zaidi. Alipofika kwangu alikuwa amekwisha kuzoea kulia.

"Balinichagua juu ninajua kusema na bantu," akaniambia. "Shefu njo alikuwa anasema vile kila siku. Lakini signature yake, mama, haiko hata fasi moja. Yote ni yangu."

Nikamwuliza kama alijua wakati ule, pale kitandani, kwamba gant haikuwa na maana. Akajibu alijua. Alisoma kama wewe. Alisema alilijua toka siku ya kwanza, na kila mara alifikiri hii itakuwa ya mwisho.

Akaomba auone mkono. Nikampa. Safari hii hakulia. Alivipitia vidole vilivyobaki kimoja kimoja, na mteja mmoja alipouliza bei ya suruali hakumjibu. Kisha akasema jambo ambalo linanirudia kila mara toka ulipopata kazi hii. Alisema kama wangemrudisha kwenye meza ile, kodi ya nyumba ikimngoja na wadogo zake wakimtazama, hajui kama angefanya tofauti. Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu anayeeleza ugonjwa wake.

Niliondoka bila shati. Furaha yangu ya ile nyama ilikuwa imekwisha, na haijarudi tena.

Sasa unanielewa. Juzi shefu wako mpya alipokupigia simu uliifungua sauti ili nami nisikie anavyokusifu. Alisema katika wote waliokuja walikuchagua wewe kwa sababu unajua kusema na watu. Ulinitazama ukitabasamu. Kisha ukamwuliza aliyekuwa katika nafasi yako alikwenda wapi, ili umpigie akuelekeze kazi, naye akaanza kukueleza habari ya chumba na ya basi. Wewe hukulisikia shimo lililokuwa katikati ya maneno yake. Mimi nililisikia, nikaendelea kumenya vitunguu.

Sikuambii usiende. Ningependa kuwa mama wa namna hiyo, lakini paa linavuja, ninachoka, na nilipoona mshahara wako nilipiga magoti. Ninakupeleka mimi mwenyewe. Hilo nalo ulijue.

Sijui utakuwa nani siku watakapokutuma. Madame Béatrice hakuwa mwanamke mbaya. Kama angekuwa mbaya nisingeogopa kitu, kwa maana wewe si mbaya. Hatakuja mtu mwenye sauti kubwa kukuamuru useme uongo. Atakuja mtu mwenye huruma, atakuambia usiandike bado, tungoje kidogo, tumwache kwanza apone. Na ule muda wa kutangaza utapita ukiwa unangoja. Utaona wavu umeegemezwa ukutani na utaambiwa habari ya gant. Utaambiwa kibarua hahesabiwi. Wewe ulinifundisha hapa sebuleni kwamba anahesabiwa.

Utakapofika kwenye kitanda, mtazame kwanza mgonjwa, halafu utazame nguo zake. Uliza nani alimvua. Uliza nani alikuwa karibu naye, na uandike jina la huyo siku hiyo hiyo, kabla hajakumbuka watoto wake. Mwambie mkewe, mbali na masikio ya wengine kama ni lazima, kwamba yeye naye anaweza kwenda kwenye Caisse kwa miguu yake. Na popote utakapotia jina lako, uulize la shefu litakuwa wapi. Ukikataliwa, hapo utakuwa umekwisha kujua. Kitakachofuata sikijui. Mimi sikufika huko.

Niliacha kuandika hapa kwa sababu simu yangu ililia.

Ni shefu wako. Amesema yako haipatikani, basi amepiga kwa namba uliyowapa ya jamaa. Ana heshima nyingi. Ameniita mama mara kadhaa, ameuliza afya yangu, ameniombea baraka. Kisha akaomba nikuambie kwamba kesho ukishuka basi usiende bureau. Gari litakungoja likupeleke kwanza kliniki. Kuna papa mmoja, mtu mzima, amelala pale tangu jana, hataki kula, hataki kuzungumza na mtu yeyote wa kampuni. Wanataka wewe uanze na huyo. Umpelekee matunda.

Nikamwuliza huyo papa aliumia wapi.

Nilisikia mtu mwingine anaongea nyuma yake, halafu mlango unafungwa. Kisha akanijibu kwa upole, kama mtu anayenipa habari njema:

"Ile, mama, ni Nadège njo atakuja kutuambia."

Mama yako